Keki ya Yule Bibi

Kwa wiki mbili na siku kadhaa, mdogo wangu na mimi tulikula keki ya yule bibi kila siku, na kila siku tuliamka ndani ya gunia, nje ya geti, kofia yetu ikiwa imevalishwa mbuzi. Bibi alikuwa ndani ya kompyuta, na keki pia. Hasira zangu ndizo zilikuwa za kweli, na ndizo ninazozikumbuka nikikaa leo kwenye meza ya ile kompyuta.

Nina steshenari hapa Kayanga, karibu na stendi. Ni chumba kimoja chenye kompyuta mbili, printa, mashine ya fotokopi na benchi la wateja. Wanakuja watu wa barua za kuomba kazi, watu wa kopi za vyeti, na watu wa picha za pasipoti ambao hugombana na mimi kwa sababu ya nyuso walizozaliwa nazo. Mdogo wangu alikuja kukaa kwangu alipomaliza diploma yake, akawa ananisaidia kuchapa. Alichapa haraka kuliko mimi na wateja walimpenda, maana hakuwa na neno baya kwa mtu yeyote. Mimi ninayo ya kututosha wote wawili. Nyumbani kwetu Nyabiyonza husema kwamba mimi nilichukua mdomo wa watoto wote, yeye akabakiziwa masikio.

Kompyuta ya pili ilikuwa kuukuu. Fundi aliyenitengenezea aliacha gemu ndani yake, akasema ni zawadi ya kunipunguzia hasira. Ilikuwa gemu ya kuchekesha, kwa Kiingereza, yenye sehemu tano, na kila sehemu iliishia mahali pabaya ili ukimbilie inayofuata. Mhusika wake ni tarishi mwembamba mwenye kofia kubwa, anayezunguka mji mzima kumtafuta mwenye kifurushi ambacho anwani yake imelowa mvua. Hakuna kukimbizana wala kupigana risasi. Unapeleka mshale juu ya kitu, unabonyeza, na tarishi ama anakisema kwa upuuzi wake ama anakitia ndani ya koti. Siku ya kwanza alitia ngazi nzima ndani ya koti, nikacheka hadi mteja wa fotokopi akaniuliza kama nimepata habari njema. Ukimbonyeza mtu, sentensi nne zinatokea chini ya skrini, unachagua moja, na tarishi anaisema.

Tulicheza saa nane mchana, baada ya kula, wakati wateja wamepungua. Yeye alishika mausi, mimi nilisimama nyuma yake nikitoa amri. Kila alipoingia kwenye nyumba ya mtu alianza kwa kuchagua sentensi ya salamu, hata kwa mlinzi aliyekuwa akimtupia tarishi viazi. Na hakupenda kuchukua vitu vya watu. Mpishi akigeuka, na gemu inataka umwibie mwiko, mdogo wangu angesema, "Dada, si wa kwetu." Hapo nilimnyang'anya mausi nikaiba mwenyewe. Sehemu ya kwanza na ya pili tulizimaliza hivyo, yeye akisalimia, mimi nikiiba.

Sehemu ya tatu ikatukwamisha kwa yule bibi.

Bibi ana nyumba safi na mlango wa nyuma, na ufunguo wa mlango huo unaning'inia kiunoni kwake. Tarishi lazima apite mlango huo. Akiingia, bibi anamkaribisha, anamvutia kiti, anamkatia keki. Keki ina dawa ya usingizi, na gemu haikufichi, kwani paka aliyelamba chembe moja amelala chali juu ya jiko. Sentensi nne zinakuja chini. Ya kwanza tarishi anaomba kipande kikubwa. Ya pili anaomba na chai. Ya tatu anasifia upishi. Ya nne nitaifikia.

Tulijaribu kila kitu. Tulipaka keki pilipili. Tulimwamsha paka kwa tarumbeta. Tulifungua dirisha, tukabadilisha sahani, tukamnywesha tarishi kahawa chungu kabla. Kila mara alikula, akapiga miayo, na skrini ikawa nyeusi. Gunia. Mbuzi na kofia yetu.

Lazima nieleze jambo moja, ili mtu wa mbali asituone wajinga kuliko tulivyokuwa. Kwetu ukiingia kwenye nyumba ya mtu, kabla hujasema umefuata nini, unaletewa kahawa ya kutafuna kwenye kikapu kidogo. Unachukua punje mbili tatu, unatafuna. Kisha chakula kinakuja, na unakula. Kukataa ni kumwambia mwenye nyumba kwamba una wasiwasi na chungu chake. Mdogo wangu alipokuwa na miaka saba, mama alimpeleka kutembelea majirani siku ya Krismasi akamwonya asimwaibishe. Akala nyumba ya kwanza hadi ya sita. Ya saba alikula pia, akatoka, akaenda nyuma ya migomba, akatapika vyote, akanawa, akarudi ndani kushukuru. Habari hiyo ilisimuliwa kwetu miaka mingi kama mfano wa mtoto aliyelelewa. Mimi mwenyewe nimeisimulia, tena kwa fahari.

Tulikuwa tumeingia wiki ya pili ya keki baba alipopiga simu. Watu wa Bugomora, huko Kyerwa, walikuwa wametuma tena neno la posa. Kijana wao alimwona mdogo wangu kwenye harusi ya binamu yetu na hakumsahau. Nilikuwa nimeshamchunguza. Akina mama wa Kyerwa wanaokuja kutoa kopi kwangu niliwahoji bila wao kujua wanahojiwa, na sikupata doa. Alikuwa mkulima wa kahawa, mpole, mtu wa kanisani, mama yake hagombani na majirani. Nami nilitaka jambo hilo liishe vizuri. Nilitaka kusema siku moja kwamba mdogo wangu nilimpokea mimi na nikamwozesha mimi.

Kwa hiyo nilimuuliza hapo hapo, akiwa ameshika mausi, tarishi akiwa ndani ya gunia.

"Watu wa Bugomora wanataka jibu. Nimwambie baba umekubali?"

"Ndiyo, dada," akasema, macho kwenye skrini.

Sikungoja hata avute pumzi. Nilimpigia baba, nikamwambia binti yake amekubali, na baba akafurahi kwa sauti ambayo sikuwahi kuisikia tangu aache utumishi wa kanisa. Wakapanga Jumamosi ya wiki iliyofuata wageni waje na rubisi, pombe ya ndizi ya kuposea. Nilikata simu nikijiona mtu wa maana sana.

Zikabaki siku kumi. Ndani ya siku hizo mdogo wangu akaanza kukosea kuchapa, yeye ambaye hakosei. Barua ya mzee mmoja kwa ofisa wa wilaya aliianza "Marehemu Ofisa", na kama nisingeisoma kabla haijatoka, sijui tungejieleza vipi. Nikamfokea. Akaomba radhi, akaichapa upya. Usiku alilala upande, akiutazama ukuta, na chakula alikimaliza chote kama kawaida, jambo lililonidanganya kabisa, maana kwetu mtu mwenye shida huonekana kwenye sahani.

Kitu alichokitaka kilikuwa ile gemu. Zamani mimi ndiye niliyemwita tucheze. Sasa akawa anaifungua asubuhi, wateja wakiwa benchini. Alimwingiza tarishi kwa bibi, akamlisha keki, akaamka kwenye gunia, akamwingiza tena. Nilimuuliza ana nini. "Sina kitu, dada." Nikajisemea ni wasiwasi wa bibi harusi, nikaendelea na shughuli zangu. 

Alhamisi, siku mbili kabla ya wageni, ilinyesha mvua ya kupasua mabati. Mama mmoja alikuja kuandikiwa barua kwa ofisi ya kijiji, kuhusu njia ya ng'ombe ya kwenda majini iliyozibwa na shamba jipya. Alikuwa wa zile familia za wafugaji wa kwenye nyasi, mrefu, mwenye sauti ya chini. Barua ilipotoka kwenye printa mvua ilikuwa haijapungua, akaomba akae kidogo. Akakaa kwenye benchi, na kwa kuwa hapakuwa na kingine cha kutazama, akatutazama sisi.

Mimi nilikuwa nafoka. Weka pilipili tena. Si hapo, kwenye kikombe. Mdogo wangu aliweka. Tarishi alikula. Gunia. Mara ya nne mchana huo.

Yule mama akauliza ni kitu gani hicho. Mdogo wangu akamweleza kwa adabu zake zote kwamba mwanamke huyu anampa mgeni keki yenye dawa, nasi tunatafuta njia ya kuila bila kulala. Mama akasogea, akauliza yale maandishi yanasemaje. Mdogo wangu akayasoma kwa Kiswahili moja baada ya jingine. Anaomba kipande kikubwa. Anaomba chai. Anasifia upishi. Hapo akaacha kusoma.

"Na hayo ya chini?" mama akauliza.

"Yanasema, asante, hapana."

"Mbona hamyajaribu?"

Naapa maneno yale yalikuwepo siku zote, kwa herufi zile zile, mahali pale pale. Nilikuwa nimeyaona mara mia. Wala hatukuwahi kujadiliana kama tuyabonyeze au tuyaache. Nilipandwa na mori, nikamjibu yule mama kwamba mtu hawezi kusema hivyo nyumbani kwa mtu, tena keki ikiwa imeshakatwa.

Hakukasirika. Alicheka kidogo, akasema yeye alikua kwa maziwa, na tangu ahamie karibu na watu wa migomba amekaribishwa vyakula ambavyo tumbo lake halivijui. Mama yake alimfundisha kukataa akiwa bado mlangoni.

"Ukikataa mapema, waitu, ndugu yangu, mwenye nyumba anakasirika mara moja, yanaisha," akasema. "Ukila huku hutaki, unamdanganya kila siku."

Mdogo wangu aliupeleka mshale juu ya sentensi ya nne. Hakubonyeza. Mvua ilipiga, printa ikakoroma, na yeye akakaa vile vile. Nikamwambia bonyeza basi. Akasema, "Dada, bonyeza wewe." Nikanyoosha mkono kuchukua mausi kama nilivyochukua mwiko na vitu vingine vyote, na hapo nikaona vidole vyake. Havikutaka kuiachia mausi, kwa keki ya kuchorwa. Nikaurudisha mkono wangu. Sikuelewa bado, ila niliogopa.

Akabonyeza.

Tarishi akavua kofia, akasema asante, hapana. Tukangoja. Mimi nilitegemea bibi atafungulia mbwa. Bibi akaitazama sahani, akainua mabega, akasema, "Basi nitakula mwenyewe." Akala, akapiga hatua mbili, akalala chini ya jiko la paka, na ufunguo ukadondoka sakafuni ukalia kama kengele. Ndiyo ilikuwa kazi ya wiki mbili na siku kadhaa.

Nilicheka hadi nikashika meza. Yule mama akacheka na kiganja mdomoni. Mdogo wangu alicheka pia, akacheka sana, na katikati ya kicheko sauti ikageuka, mabega yakaendelea kutikisika lakini hakikuwa kicheko tena.

"Dada, mimi sitaki kwenda Bugomora."

Mama wa barua aliinuka, akaitia barua yake kwenye mfuko wa plastiki, akatuaga na kutoka kwenye mvua ile ile aliyokuwa anaikimbia. Nimemheshimu hadi leo kwa hilo.

Ningependa kuandika kwamba nilimkumbatia mdogo wangu. Sikumkumbatia. Nilimfokea. Nilimwambia watu wameshakamua ndizi zao, rubisi iko kwenye mtumbwi wa kukamulia inachachuka, baba ameshawaambia ndugu, na mimi nilimuuliza, nilimuuliza kwa mdomo wangu, kwa nini hakusema?

"Uliniuliza kama vile unanipakulia chakula," akasema.

Nikaenda mlangoni nikatazama maji yanavyokimbia mtaroni. Kisha nikampigia baba.

Nilimweleza yote kwa pumzi moja. Baba hakupandisha sauti, na ni afadhali angepandisha. Alisema hawezi kuwarudisha watu kwa simu kwa neno la mtu wa pili. "Mara ya kwanza ulimjibia wewe, na leo unamjibia wewe tena. Jumamosi ataulizwa mwenyewe mbele ya watu, kama mabinti wote walivyoulizwa. Atakachokisema ndicho kitakachokuwa." Kisha akaongeza kwamba siku hiyo hataki kusikia sauti yangu. Akiisikia, hata kukohoa, atajua maneno ni yangu, na rubisi itanywewa, posa imekubaliwa.

Ijumaa nilifunga steshenari mchana, nikamwambia tufanye mazoezi. Nilikaa kwenye kiti nikawa baba. Nikamuuliza swali. Mara ya kwanza alicheka, ya pili akalia, ya tatu akasema "Ndiyo, baba," kwa mazoea, akajiziba mdomo. Alisema akiniona uso, neno linarudi tumboni. Mwishowe akafungua gemu pale tulipokuwa tumehifadhi, akambonyezea tarishi ile sentensi ya nne, tena na tena, pengine mara ishirini. Kila mara bibi alikula mwenyewe akalala. Mdogo wangu alikuwa anaitamka pamoja na tarishi, midomo inacheza, sauti haitoki. Nilimtazama nikiwa na roho mkononi, maana kesho yake hapakuwa na mahali pa kuhifadhi na kurudia.

Jumamosi tulipanda bodaboda asubuhi, tukafika Nyabiyonza tukiwa na matope hadi magotini. Akina mama walikuwa kibanjani, kwenye migomba ya nyumbani, wanamenya ndizi. Shangazi alimchukua mdogo wangu moja kwa moja hadi chumbani, akamvalisha, akamfundisha kama anavyofundisha wote. Utapiga magoti, utapokea kikombe kwa mikono miwili, utampa baba yako, hutamtazama mtu. Mdogo wangu alijibu ndiyo shangazi, ndiyo shangazi. Nilikuwa mlangoni nimeshika beseni, na kila ndiyo yake ilinichoma.

Wageni wakafika mchana, wanaume watano, kijana mwenyewe akiwa wa mwisho, na kibuyu cha rubisi kikiwa kimezibwa kwa majani ya mgomba. Msemaji wao alikuwa mzee mwenye koti zito na kikohozi. Walitafuna kahawa, wakasifia migomba, wakaulizana habari za mvua. Mimi niliketi na akina mama kwenye mlango wa ndani, mahali nilipoweza kumwona baba naye akaniona.

Kwetu pombe ya posa haionjwi kabla binti hajaitwa. Anamiminiwa kikombe, na baba yake anamuuliza mbele ya wote kama wainywe. Akikipokea na kumpa baba, baba anakunywa, na waliokuja wageni wameshakuwa wakwe. Ndivyo ilivyokuwa kwangu nilipoposwa. Ndivyo ilivyokuwa kwa kila binti wa ukoo wetu niliyemfahamu. Hakuna aliyewahi kuniambia kinachofanyika binti akisema vinginevyo, kwa sababu hakuna aliyekijua.

Shangazi akamleta. Alipiga magoti kwenye mkeka. Msemaji akamimina, na sauti ya kumimina ilikuwa kubwa kuliko nilivyotegemea.

"Mwanangu," baba akasema, "wageni hawa wameleta rubisi. Tuinywe?"

Mdogo wangu alikitazama kikombe. Nje kuku walikuwa wanagombania maganda, na mtu alikohoa, nikashukuru Mungu kwamba si mimi. Baba akauliza mara ya pili, kwa sauti ile ile. Shangazi akamgusa bega kwa kidole.

Mdogo wangu akanyoosha mikono yote miwili, akakipokea.

Niliuma ulimi, si kwa maneno ya kusema tu, niliuma kweli nikaonja chumvi. Alijisogeza kwa magoti kuelekea kwa baba, kikombe mbele yake, akifanya kila kitu kama alivyofundishwa. Shangazi hakungoja. Akaanza kigelegele. Na mdogo wangu akaishia pale pale, bado kwa magoti, akageuza kichwa, akanitafuta.

Alinipata. Nilijua kwamba chochote kitakachokuwa usoni mwangu atakichukua kuwa amri, kwa sababu maisha yake yote nilikuwa nimesimama nyuma yake nikiamuru. Hata nikitikisa kichwa kumwokoa, nitakuwa nimejibu mimi. Nikainamisha macho, nikatazama matope yaliyokaukia miguuni kwangu. Sijawahi kufanya kitu kigumu kuliko hicho. Kigelegele cha shangazi kilikatika katikati. Nikasikia kikombe kinawekwa chini, taratibu, kwenye mkeka.

"Asante," akasema mdogo wangu. "Hapana."

Baba akamuuliza kama amesema mwenyewe. Akasema amesema mwenyewe, anawaomba radhi wageni, amekosa kwa kuwachelewesha, lakini hataki. Sauti ilikuwa ndogo, ila kila mtu chumbani aliisikia. Baba akanitazama mimi, na mimi nilikuwa bado natazama matope yangu.

Kisha yule mzee msemaji akainama, akakichukua kikombe kutoka kwenye mkeka. "Imeshafika, hatuwezi kuibeba tena hadi Bugomora," akasema. "Tutainywa wenyewe." Akanywa.

Mdogo wangu akaniangalia juu ya vichwa vya watu. Ilinibidi nitoke nje, nishike ukuta nizuie kicheko, kwa sababu nilikuwa nangoja mzee wa watu adondoke usingizi.

Sitaki ionekane mambo yalikuwa mepesi. Wageni walikula, maana chakula kilikuwa kimeiva, lakini walikula bila maneno. Kijana alikaa ameunganisha magoti, akitazama viatu alivyokuwa amevipaka rangi kwa safari hiyo, na hakuwa amemkosea mtu. Mimi ndiye niliyemleta hadi pale, kwa ndiyo niliyoichukua kutoka kwa mtu aliyekuwa anatazama skrini. Baba hakunipigia simu hadi mavuno ya kahawa yaliyofuata. Mpaka sasa mtu akija kwangu na karatasi zilizoandikwa Bugomora, namtolea kopi bila kuinua kichwa. Sehemu ya nne na ya tano tulizimaliza baadaye, na kifurushi kile kilikuwa cha tarishi mwenyewe, lakini hayo hayakunishangaza tena.

Wageni walipoondoka jua lilikuwa bado lipo. Tulikuwa jikoni, mama, mdogo wangu na mimi. Mama hakuwa amesema neno tangu asubuhi. Akachukua sahani akaanza kumpakulia mdogo wangu, ndizi na maharage, upawa juu ya upawa, kama anavyotupakulia siku zote, mpaka chakula kikawa kinaelekea kumwagika.

"Mama, inatosha," akasema mdogo wangu.

Upawa ukabaki hewani. Nikadhani sasa ndipo atakapomgombeza, kwa aibu ya leo yote. Mama alimtazama, kisha akanitazama na mimi.

"Na mimi niliulizwa, nyumbani kwa baba yangu," akasema. "Sikujua kama lile swali lina majibu mawili."

Akarudisha ule upawa wa mwisho kwenye sufuria, akaifunika.